Nunua Jirani wa Mwenye Jina: Maswali Yenu Kuhusu Mvinyo Mwekundu wa Ufaransa

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu apate wapi mvinyo mwekundu mzuri wa Ufaransa bila kufilisika? Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nauza mvinyo katika duka dogo hapa Lyon, juu mlimani Croix-Rousse, na nilikulia Hombolo, Dodoma, ambako zabibu hazikuwa tunda la sikukuu. Kwa mlioniandikia kunikemea kwamba jarida la familia linazungumzia pombe, ukurasa wa mapishi unafuata baada ya huu.

Dada, mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Bukavu, naishi Brussels. Baba mkwe anatimiza miaka 70. Kwake mvinyo ni Bordeaux, na Bordeaux ni Saint-Émilion au Pomerol. Vingine vyote anasema ni maji ya rangi. Nataka chupa tatu na nina euro 20 kwa kila moja. Nikimpelekea Saint-Émilion ya euro 20 nitaaibika?
Mkwe mwenye wasiwasi, Brussels

Hutaaibika, kaka, ila utakuwa umenunua jina na kupewa mvinyo kama nyongeza. Saint-Émilion ni eneo kubwa ndani ya mkoa wa Bordeaux, zaidi ya hekta 5,000 za mizabibu. Wamo wakulima hodari na wamo wanaokula kwa mgongo wa jina, na kwa euro 20 mara nyingi utaangukia mikononi mwa hao wa pili. Jihadhari pia na maneno "Saint-Émilion Grand Cru". Yanapendeza machoni, lakini hilo ni jina la eneo lenye masharti yaliyokazwa kidogo tu, na mashamba kwa mamia yanaliandika. Waliopangwa daraja huandika "Grand Cru Classé", na hao kwa bei yako ni nadra kuwapata.

Mimi wateja wangu wenye mshahara wa mwalimu huwaambia kitu kimoja: tafuta jirani wa mwenye jina. Bei ya kijiji maarufu inapanda kwa sababu ardhi yake haiongezeki na wanaoitaka wanaongezeka. Pomerol yote ni takribani hekta 800, na humo ndimo lilimo shamba la Petrus, ambalo chupa yake inauzwa kwa maelfu ya euro. Lakini kaskazini mwa Pomerol kuna kijito kinaitwa Barbanne. Ng'ambo yake ni Lalande-de-Pomerol: zabibu ya merlot ile ile, changarawe na mfinyanzi, na wapo wakulima wenye mashamba pande zote mbili za maji. Huko unapata chupa nzuri kwa euro 16 hadi 22. Vilevile mashariki mwa Saint-Émilion, mwamba wa chokaa hausimami kwenye mpaka uliochorwa na watu. Unaendelea mpaka Castillon, pale pale Waingereza waliposhindwa vita mwaka 1453 na kuipoteza Bordeaux. Lebo itaandikwa "Castillon Côtes de Bordeaux", na kwa euro 10 hadi 15 unapewa mvinyo ambao ungevuka mpaka ungeuzwa mara mbili ya hapo. Upande wa magharibi, ukipita mji wa Libourne, kuna Fronsac, vilima vizuri ambavyo watu wamevisahau bila sababu ya maana.

Ningekuwa wewe ningechukua mbili za Castillon na moja ya Lalande. Euro 60 hazitaisha. Chenji nunulia jibini.

Angalia na mwaka wa mavuno. Kwetu Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka; mvuno mmoja ukiharibika, mwingine unakuja. Huku ni mara moja tu, karibu na Septemba, na mvua ikinyesha wiki ile ya kuvuna ndiyo imeshanyesha. Bordeaux ilipata miaka mizuri 2016, 2018, 2019 na 2020. Miaka ya 2013 na 2021 ilikuwa migumu. Mwaka mzuri nunua kwa mkulima mdogo, maana jua limemsaidia kila mtu. Mwaka mbaya, ukikuta nyumba kubwa imeshusha bei, chukua hiyo. Wao wana pesa za kuchambua zabibu na kutupa zote zilizooza.

Na kwa sasa soko liko upande wako. Bordeaux ya kawaida hainunuliwi kama zamani, hadi mwaka 2023 ukaanzishwa mpango wa kung'oa takribani hekta 9,500 za mizabibu, mkulima akilipwa euro 6,000 kwa hekta. Ni habari ya kusikitisha kwao, lakini mnunuzi mwenye subira anasikilizwa dukani kuliko alivyosikilizwa kwa miaka mingi.

Siku ya sherehe fungua chupa saa moja kabla, mimina kwenye jagi la kioo, kisha mwambie mzee hivi: "Baba, huu umetoka ng'ambo tu ya kijito cha Pomerol." Bei usiitaje. Akiuliza, mwambie zawadi haiulizwi bei.

Hujambo dada. Nilinunua Bordeaux katika duka kubwa hapa Nairobi, ya bei ya chini kabisa kwenye rafu ya Ufaransa. Lebo ina picha ya kasri, imeandikwa "Grand Vin de Bordeaux", na ina medali ya dhahabu. Ilinikaza ulimi kama ndizi mbichi. Ni mimi sijui kunywa au nimeibiwa?
Msomaji wa Kilimani

Sijambo. Kunywa unajua, na wala hakuna aliyekuibia. Umesoma sehemu ya lebo ambayo haina kitu. Kasri ni mchoro. "Grand Vin de Bordeaux" yeyote mwenye mvinyo wa Bordeaux anaweza kuandika. "Vieilles Vignes", yaani mizabibu mizee, sheria haisemi uzee unaanzia umri gani. Na medali? Katika mashindano ya Ufaransa sheria inaruhusu hadi theluthi ya mvinyo ulioshindanishwa kupewa medali. Hebu fikiria darasa ambalo theluthi ya watoto wanatoka na zawadi. Ile ya Concours Général Agricole ya Paris naiheshimu kidogo. Nyingine huwa nazifunika kwa kidole ninaposoma lebo.

Soma maandishi madogo ya chini. "Mis en bouteille au château", "au domaine" au "à la propriété" maana yake mvinyo umetiwa chupani kule kule ulikotengenezwa. Ukiona "mis en bouteille dans la région de production", basi umenunuliwa kwa tangi kutoka huku na huko. Hilo si kosa la jinai, ila aliyeutia chupani hakulima. Kisha tazama kofia ya chupa: ukiona mchoro mdogo wa mtu aliyebeba pipa begani, huyo ni mkulima wa kujitegemea, anayelima, anayetengeneza na kuuza mwenyewe. Na jina la eneo, kadiri linavyokuwa dogo ndivyo aliyeliandika alivyojibana zaidi. "Bordeaux" peke yake ni mkoa mzima.

Sasa bei. Chupa iliyofika Nairobi imelipiwa meli, lori, ushuru na faida ya watu kadhaa. Kioo, kizibo na nauli ni vile vile, uwe ndani mvinyo wa mfalme au siki. Kwa hiyo katika chupa ya bei ya chini kabisa, pesa iliyoingia kwenye zabibu ni kidogo mno. Panda ngazi moja, sehemu kubwa zaidi ya hiyo nyongeza inakwenda kwenye mvinyo. Na kwa bei hiyo achana na Bordeaux. Chukua Côtes du Rhône Villages, au Corbières, au Minervois. Kusini mwa Ufaransa kuna jua, zabibu zinaiva hata kwa mkulima mvivu, na ule ukakasi uliokukaza ulimi utaukuta umelainika.

Halafu usichukue chupa iliyosimama rafu ya juu chini ya taa. Inama, chukua ya chini. Kizibo kikiwa kimejitokeza, iache.

Niko Birmingham. Wenzangu wanapanda feri kwenda Calais kununua mvinyo. Inalipa?
Mama Wawili

Ukienda kwa ajili ya mvinyo tu, hapana. Kwa sasa unaruhusiwa kurudi na lita 18 za mvinyo wa kawaida bila ushuru, yaani chupa 24 kwa kila mtu mzima. Ushuru wa Uingereza unapita pauni 2 kwa chupa, na VAT inatozwa juu yake. Ufaransa ushuru huo ni senti chache mno za euro. Kwa hiyo utaokoa makumi kadhaa ya pauni, kisha uzilipe kwa feri na petroli. Kama ulikuwa unapita kwenda kuwaona ndugu Paris, jaza buti. Kama huendi, basi hapo hapo Birmingham acha chupa ya pauni 6, ambayo karibu yote ni kodi na kioo, ununue moja ya pauni 11 badala ya mbili za sita.

Shikamoo dada. Mimi ni mhudumu katika hoteli huku Nungwi, Zanzibar. Ni Mwislamu, sinywi wala sitakunywa. Lakini wageni wananiuliza mvinyo upi ni mzuri na si ghali, na orodha yetu ya Ufaransa ina majina ambayo hata kuyatamka ni kazi. Nifanyeje bila kuonja?
Mhudumu, Nungwi

Marahaba mdogo wangu. Barua yako imenifurahisha kuliko zote, na nakuhakikishia kazi hii inafanyika. Wahudumu wanaokunywa sana si lazima wawe wanaouza vizuri.

Anza na mgeni. Muulize swali moja tu: anataka mwepesi au mzito? Akisema mwepesi, akili yako iende Beaujolais (zabibu ya gamay) na Loire, yaani Chinon, Bourgueil, Saumur-Champigny (cabernet franc). Akisema mzito, nenda Bordeaux, Cahors, au Rhône ya kusini. Hiyo peke yake inatosha kwa wageni wengi. Kuhusu bei, mgeni aliye na mke wake au bosi wake hapendi kutamka "cha bei nafuu". Fungua orodha, weka kidole kwenye bei ya chupa ya wastani, useme, "Wengi huchukua kitu kama hiki." Atakielewa kidole. Na mkipanga orodha, mshauri meneja kwamba badala ya Châteauneuf-du-Pape yenye jina kubwa aweke Lirac, iliyo ng'ambo ya mto Rhône, yenye kokoto kubwa za mviringo kama zile zile. Au Vacqueyras, au Cairanne, ambayo imepandishwa daraja mwaka 2016 na bei bado haijashtuka. Mgeni anayejua atakuona una akili, na asiyejua atakunywa kitu kizuri.

Chakula chenu ndicho kinachoponza Bordeaux. Pweza wa nazi na mvinyo wenye ukakasi mwingi havipatani, mdomo unabaki na ladha ya chuma. Pilipili ndiyo mbaya zaidi, inaufanya ukakasi uchome na pombe iwake. Kwa hivyo vyakula, mgeni aking'ang'ania mwekundu, mpe Beaujolais au Chinon uliokaa kwenye friji. Pilau ya ng'ombe yenye iliki na mdalasini ni habari nyingine: Côtes du Rhône yenye zabibu ya grenache kwa wingi inaipokea kama mwenyeji.

Joto. Wazungu wameandika vitabuni kwamba mwekundu unywewe kwa joto la chumba. Chumba chao wakati huo kilikuwa na nyuzi 17. Chumba cha Nungwi kina 29, na kwa joto hilo mvinyo wowote unanuka spiriti. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuipeleka mezani, na zile nyepesi saa nzima. Ukifanya hili tu, chupa ya bei nafuu itasifiwa kuliko ya ghali iliyoachwa kaunta. Na zile za akiba zilazwe chumba chenye giza ambacho kiyoyozi hakizimwi usiku. Isiwe stoo ya nyuma ya jiko.

Unapommiminia mgeni kidogo aonje, humwombi aseme kama ameupenda. Anakagua kama kizibo kimeuharibu. Ulioharibika unanuka boksi la karatasi lililolowa maji na kuvundikwa. Akikwambia hivyo usibishane, badilisha chupa. Kama utakagua kwa kunusa wewe mwenyewe, hilo ni lako na dini yako, sikuingilii. Chupa zinazouzwa kwa glasi ziandikeni tarehe ya kufunguliwa na ziwekwe friji. Siku ya tatu zipelekeni jikoni.

Kuhusu kutamka, herufi za mwisho zimeze tu. Nusu ya Wafaransa wenyewe wanabishana.

Mimi ni mwanafunzi Paris, Mtanzania. Jumamosi tunachoma mishkaki kwa rafiki, watu kama kumi. Bajeti yangu ni euro 8 kwa chupa, ikizidi hapo nalala njaa.
Mwanafunzi, Saint-Denis

Usinunue chupa. Nunua boksi la lita 5 lenye mfuko na bomba, la ushirika wa wakulima wa Rhône ya kusini au Languedoc. Ni ule ule wanaotia chupani, na mkiubakisha unakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Ukitaka chupa kwa ajili ya sura, Cahors inastahimili moshi na mafuta ya nyama, na Saint-Chinian kwa euro 8 haikuangushi. Septemba maduka makubwa kama Leclerc na Carrefour hufanya msimu wao wa mvinyo; yapite yale majina makubwa yaliyowekwa mlangoni kama chambo, nenda moja kwa moja Rhône na Loire. Na mwishoni mwa Novemba kuna maonyesho ya wakulima wa kujitegemea pale Porte de Versailles. Ukishaingia, kuonja ni bure. Kula kwanza, na uteme. Wanaomeza tangu meza ya kwanza huonekana wakitoka na makasha wasiyoyakumbuka.

Nakuja Lyon kutoka Kigali kwa mkutano na nitakuwa na siku moja huru. Ungekuwa na euro 15 ungenunua nini?
Daktari, Kigali

Karibu. Panda treni pale Part-Dieu uelekee kusini, ndani ya saa moja hivi unashuka Tain-l'Hermitage. Utaona mlima umesimama juu ya mji, una mizabibu mpaka kileleni na kikanisa kidogo huko juu. Huo ndio Hermitage: zabibu ya syrah, hekta takribani 140, na chupa inayoanzia juu sana ya uwezo wetu. Mashamba yanayouzunguka ni Crozes-Hermitage, zaidi ya hekta 1,500, syrah hiyo hiyo. Ushirika wa Cave de Tain, ulioanza 1933, uko hatua chache kutoka stesheni, na watakuonjesha zote mbili. Onja Hermitage, nunua Crozes.

Lakini umeniuliza mimi ningenunua nini. Ningenunua Morgon, kutoka Beaujolais, kaskazini mwa Lyon, na hasa wa kilima cha Côte du Py. Gamay ina bahati mbaya ya muda mrefu: mwaka 1395 Philippe, mtawala wa Bourgogne, aliamuru ing'olewe kwamba ni mmea mbaya, na mpaka leo wenye kiburi wanaikunjia pua. Beaujolais Nouveau, ule mvinyo mchanga wa Novemba, nayo haijasaidia, ile mimi naiona ni sherehe zaidi kuliko mvinyo. Vijiji kumi vya Beaujolais, vikiwemo Morgon, Fleurie na Moulin-à-Vent, vinatoa mvinyo wa kuheshimika kwa euro 11 hadi 16 kwa sababu ya dharau hiyo. Nawaomba waendelee kudharau. Kurudi nyumbani, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakuruhusu lita 2 za mvinyo bila ushuru, kwa hiyo chupa mbili: funga kwenye nguo, ndani ya begi kubwa.

Je, Bourgogne nzuri ya euro 15 ipo?
Msomaji, Lubumbashi

Kidogo sana, na sitakudanganya. Ongeza ufike 20 utafute Givry, Mercurey au Maranges. Chini ya hapo rudi kwa Morgon.

Bosi wangu Mfaransa alipoondoka Dar aliniachia chupa ya Haut-Médoc ya 2009. Naitunza juu ya kabati sebuleni, imesimama, nasubiri harusi ya binti yangu. Nasikia mvinyo unavyokaa ndivyo unavyozidi kuwa mtamu.
Baba wa Mikocheni

Mzee wangu, 2009 ulikuwa mwaka mzuri sana Bordeaux, na bosi wako alikupenda. Lakini mvinyo mwingi unaotengenezwa duniani hautakiwi kukaa kabisa, na ule unaotakiwa hukaa umelala, gizani, kwenye nyuzi 12 hadi 14. Juu ya kabati Mikocheni kuna joto linalopanda na kushuka kila siku, na kizibo cha chupa iliyosimama kinakauka na kupitisha hewa. Usingoje harusi, hasa kama mchumba mwenyewe bado hajaja kujitambulisha. Ifungue Jumamosi hii. Iweke friji dakika arobaini, ikiwa imesimama hivyo hivyo ili mashapo yabaki chini, na kizibo ukitoe polepole maana kinaweza kukatika. Mimina taratibu, uache kidogo kwenye kitako. Ikinukia ngozi, tumbaku na matunda makavu, iko hai. Inywe na nyama ya mbuzi, na mama watoto. Ikinukia siki au zabibu kavu zilizopikwa, imekufa siku nyingi. Na bosi akipiga simu kuuliza, mwambie ilikuwa nzuri sana.